Kazi ya Kukaa

Mama Wema aliacha kubeba dagaa mwaka wa tisini na saba, goti lake la kulia lilipokataa kabisa kupanda mlima wa kwenda soko la Mwanga. Jina lake la ubatizo lilikuwa Eufrasia, lakini pale mtaani kwetu Rusimbi, Kigoma, aliyemwita hivyo ni paroko peke yake. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akishuka mwaloni Kibirizi kabla jua halijatoka, ananunua dagaa kwa wavuvi, anajitwisha, anapanda nao hadi sokoni. Mume wake, fundi wa reli, alifariki akamwachia nyumba ya vyumba vitatu na sanduku la vyuma. Mtoto wao mmoja, Wema, alikuwa ameolewa Tabora.

Mimi nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha mbele. Naitwa Elinipa. Kwetu ni Same. Serikali ilinileta Kigoma kuwa karani nikiwa na miaka ishirini na sita, nikadhani nitakaa miwili. Nilikaa minane.

Miaka hiyo mji wenyewe ulikuwa umechoka. Warundi walitangulia, kwa miguu na kwa mitumbwi, wakipitia Kagunga na vijiji vingine vya mpakani. Kabla hatujawazoea, mwishoni mwa tisini na sita vita vikawaka ng'ambo ya ziwa, na Wazaire nao wakaanza kuvuka. Ukienda bombani, foleni. Ukienda zahanati, foleni. Kuni zilipanda bei, chumvi ikapanda, na watu waliokuwa wakimkatia mgeni muhogo bila kumuuliza jina walianza kufunga mlango wakati wa kula. Si kwa roho mbaya. Walikuwa wamegawa mpaka basi.

Asubuhi moja ya Novemba Mama Wema alirudi kutoka Kibirizi mapema kuliko kawaida, beseni tupu kwapani. Nyuma yake alikuja mwanamume mrefu, mwembamba, anatetemeka, amekumbatia kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Leo sikununua dagaa. Nimeokota mtu. Ana homa huyu, njoo unisaidie kutandika mkeka stoo."

Hakuna zaidi aliloeleza, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimechelewa kazini.

Mtu yule aliitwa Anatoli. Alilala siku tisa. Mama Wema alimnywesha uji na klorokwini, akimkemea kila alipotapika kama anayemkemea mtoto aliyemwaga maji. Siku ya kumi alijikokota hadi barazani, akafungua kopo lake, akaanza kupanga vitu juu ya gunia. Mimi nilidhani nitaona dhahabu. Vilikuwa vipande vidogo vidogo vyenye miguu ya waya, vingine vina pete za rangi, vingine vyeusi vya miguu mitatu, na fimbo fupi nyeusi, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye karatasi.

"Ni redio," alisema. "Zilikuwa tatu. Maji yameingia."

Alikuwa mwalimu wa shule ya ufundi Uvira, ng'ambo ya ziwa. Redio zile zilitengenezwa kwa ajili ya kujifunzia: mwanafunzi anapewa vipande na ubao, anaviunganisha mwenyewe kwa kuchomea, akimaliza anasikiliza kwa kisikilizio cha kutia sikioni. Siku milio ya bunduki ilipofika mtaani kwao alikuwa darasani. Alichukua kilichokuwa mezani. Mke wake na watoto wawili walikuwa wamekwishaondoka na majirani kwa barabara ya kwenda Fizi. Yeye alipofika nyumbani alikuta mlango wazi na sufuria bado la moto. Barabara ikafungwa nyuma yao. Akaenda ziwani.

"Watu walibeba mbuzi, walibeba magodoro," alisema. "Mimi nimebeba masomo."

Hakucheka, na sisi hatukucheka.

Alipopata nguvu alianza kutengeneza redio za majirani kwa chuma cha kuchomea alichokuwa nacho koponi, chenye kichwa cha shaba na mpini wa mti, ambacho hupashwa kwenye jiko la mkaa. Umeme wetu ulikuwa wa jenereta, unakuja ukipenda, kwa hiyo chuma kile kilitufaa kuliko cha umeme. Jioni alikuwa akikaa na redio mojawapo aliyoitengeneza, akisikiliza vipindi vya kutafutana ndugu, majina baada ya majina. Kipindi kikiisha anazima, anakwenda kulala bila kula.

Februari goti la Mama Wema likavimba kama papai. Siku tatu alikaa barazani mguu juu ya kigoda, akiwatazama wenzake wakipita na mabeseni. Siku ya nne alimwambia Anatoli, "Mwalimu, nifundishe hiyo kazi yako. Nataka kazi ya kukaa."

Anatoli hakuinua macho. "Mama, nimechoka kufundisha."

"Mimi nimechoka kubeba. Sasa tufanyeje?"

"Mama, una miaka mingapi?"

"Hamsini na saba."

"Wanafunzi wangu walikuwa na miaka kumi na saba, na walikuwa wanalia."

"Mimi nimekwisha kulia zamani," alisema Mama Wema. "Hilo tutaliruka."

Mwalimu alikataa wiki mbili. Kilichomgeuza sikijui kwa hakika. Nilimwona asubuhi moja akimtazama Mama Wema akitoka uani kwa kushika ukuta, kiganja baada ya kiganja. Siku hiyo hiyo alimpa vipande vya waya wa zamani na kipande cha risasi ile laini inayoyeyushwa, akamwambia aunganishe viungo mia moja. Asiguse ubao wa redio kabla ya mia.

"Risasi," alisema Mama Wema akiigeuza mkononi. "Neno ni lile lile lililokufukuza kwenu."

"Hii inaunga," alijibu Anatoli, basi.

Viungo thelathini vya kwanza vilikuwa madonge. Mama Wema alikuwa mtu wa nguvu. Alikishika chuma kama anayekandamiza gunia, akaungua vidole, akaunguza gunia, akaunguza kanga yake nzuri.

"Usitumie nguvu, mama. Hii kazi haipendi nguvu. Pasha waya kwanza. Waya ukipata moto, risasi itakimbilia yenyewe."

"Na nikigusa risasi kwa chuma moja kwa moja?"

"Itaganda juu. Utaona kimeshika, kumbe hakijashika. Tunakiita kiungo baridi. Hicho ndicho kinachoua redio, kwa sababu kwa macho ni kizuri."

Nikirudi kazini nilimkuta amejikunja juu ya jiko, jasho linamtoka, miwani ya kuazima imeteleza puani. Kuna siku alikitupa chuma uani na kusema kazi hii ni ya mashetani. Nusu saa baadaye alitoka akichechemea kwenda kukiokota. Alifika mia moja baada ya mwezi na nusu. Anatoli alivikagua vyote, kimoja kimoja, kwa kuvikwaruza na ukucha, akavikata kumi na tisa na kumwambia avirudie. Alivirudia.

Kisha zikaja rangi. Vile vipande vyenye pete huitwa rezista, kazi yake ni kupunguza umeme, na kila rangi ya pete zake ni namba. Mama Wema aliishia darasa la tatu na kusoma kulimpa shida, lakini soko alilijua. Alipanga namba kama meza za Mwanga: mkaa ni sifuri, kahawa ni moja, nyanya mbili, mawese tatu, ndizi mbivu nne, kisamvu tano, ziwa sita, bilinganya saba, majivu nane, unga tisa. Nikipika nilimsikia akiimba barazani, "Kahawa, mkaa, mawese. Kahawa, mkaa, mawese." Hata mimi niliishika orodha ile, na sijaisahau.

Katika redio tatu, moja ilikuwa imeharibiwa kabisa na maji, ya pili ilipungukiwa. Anatoli alichambua akapata redio moja kamili na vipuri vichache. Mwezi wa Julai Mama Wema alianza kuchomea kwenye ubao wenyewe. Kipande kimoja kwa siku, wakati mwingine kimoja kwa wiki, maana mwalimu alikuwa na siku zake ambazo haamki. Siku hizo hatukumgongea mlango.

Walipofika kwenye transista, vile vyeusi vya miguu mitatu, Mama Wema alikiweka kimoja kinyume. Alipogundua kosa alijaribu kukitoa, akakipasha na kukipasha mpaka kikafa. Anatoli alikiangalia, akainuka, akaenda kulala saa kumi za alasiri. Mama Wema alibaki amekaa na chuma kinapoa mkononi.

"Eli, mwanangu," aliniambia, "nimeua kitu alichokivusha ziwa zima."

Kesho yake Anatoli alitoka na transista nyingine kiganjani. "Imebaki hii tu," alisema. "Nyingine ni za kuota." Akamshika Mama Wema mkono, wakaiweka pamoja.

Ilikuwa Oktoba lilipotoka tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini waende kambini. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Hamdani, alikuja mwenyewe na daftari. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na siku hiyo macho yalikuwa mekundu, maana alikuwa amepita nyumba nyingi tangu asubuhi.

"Hodi, Mama Wema."

"Karibu, Hamdani. Kama umekuja kuuliza yuko, yuko. Hajafichwa."

"Najua. Ndiyo maana umekuwa mlango wa mwisho." Alikaa kwenye kigoda, akalifunga daftari. "Lori la kesho asubuhi. Anaruhusiwa mzigo wake. Mimi sina la kufanya, dada yangu. Nimesema hivi tangu asubuhi mpaka mdomo umekauka."

Mama Wema alianza kusema kwamba mtu huyu ni mgonjwa, kwamba ni mwalimu, kwamba hajamwibia mtu. Anatoli alimgusa bega.

"Acha, mama. Mi nimechoka kukaa nikisikiliza kama pikipiki ya polisi inasimama mlangoni. Huko kuna orodha za watu. Labda majina ya wanangu na mama yao yapo."

Usiku wa kuamkia safari ulikuwa mfupi. Alimchorea Mama Wema ramani ya kazi iliyobaki, kwenye karatasi niliyomletea: rezista mbili, koili ile ya waya mwembamba kwenye fimbo nyeusi, betri, kisikilizio. Alimwachia ubao, vipande hivyo na kipande cha risasi. Chuma alikichukua, kwa sababu ndicho kingempa chakula, na Mama Wema ndiye aliyekifunga kwenye kitambaa.

Asubuhi lori lilikuja. Watu walikuwa wamekwishajaa humo, wengine wamekaa juu ya magunia wamelala. Anatoli alipanda, akashika ubavu wa lori, akasema kitu ambacho hatukukisikia kwa sababu ya kelele za injini.

Mama Wema hakugusa redio kwa wiki kadhaa. Kisha akafungua sanduku la marehemu mumewe, akapata kipande kinene cha shaba, akakipeleka kwa mfua vyuma akichonge kiwe chuma cha kuchomea na kukitia mpini. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa, zile watu walizoziita elnino. Barabara zilikatika, reli ikakatika, na ofisini tulikaa siku nzima bila kazi tukitazama maji yakishuka mlimani. Yeye alikuwa barazani, jiko limekingwa na bati, anafuata ramani.

Alimaliza mwezi wa Desemba. Akaunganisha betri, akatia kisikilizio sikioni, akageuza kile kiduara cha kutafutia stesheni. Akageuza tena.

"Kimya," alisema.

Alikagua kila kiungo. Alirudia vingi. Alibadilisha betri. Kimya. Sikukuu ya Noeli ikapita, Mwaka Mpya ukapita, na kila jioni alikaa na kile kidude sikioni akisikiliza pasipo na kitu. Nilimshauri aache. Nakumbuka nilisema vibaya, kwa uchovu wangu: "Mama, redio nzima inauzwa Mwanga."

"Najua inauzwa," alijibu. "Sikutaka redio. Nilitaka kujua."

Februari mvua zilipopungua alikwenda kwa Hamdani kuomba barua ya kuingia kambini Lugufu. Hamdani alimwandikia bila maswali. Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikamsindikiza, kwa sababu ya goti. Tulipanda lori la mbao za kuezekea na kukwama matopeni mara mbili. Tulifika kesho yake, tope hadi mapajani, Mama Wema amebeba ubao wake kwenye kapu la kuku, umefungwa na kanga.

Tulimkuta Anatoli ameketi mbele ya kibanda cha turubai. Alikuwa amekonda. Jirani yake, mzee Selestini, alituambia kwa sauti ya chini kwamba mwalimu hakufundisha wala hakutengeneza kitu tangu afike. Kila asubuhi alikwenda kwenye ubao wa orodha za watu, akasoma, akarudi kukaa.

"Mama," alisema alipotuona. Alijaribu kusimama haraka, akashindwa.

"Kaa. Na mimi nakaa," alisema Mama Wema. Akafungua kanga. "Haisemi."

Anatoli aliuweka ubao mapajani. Alikwaruza viungo kwa ukucha kama zamani, kimoja baada ya kingine, na nilimwona akitingisha kichwa kwa kuridhika. Viungo vilikuwa vizuri. Akafika kwenye koili, pale ncha za waya mwembamba wa shaba zinapoingia kwenye ubao.

"Huu waya, uliukwangua kabla ya kuuchomea?"

"Kuukwangua kwa nini? Si shaba? Unang'aa."

"Unang'aa kwa sababu umepakwa rangi. Rangi hiyo haipitishi umeme. Lazima uikwangue ncha mpaka uone shaba yenyewe." Alifunika uso kwa mkono. "Sikukwambia, mama. Kwenye ramani sikuandika. Kila mwaka hilo ni neno la kwanza nawaambia wanafunzi, na wewe sikukwambia."

"Ulikuwa unaondoka."

"Nilikuwa nimechoka."

"Basi umeniambia leo," alisema Mama Wema. "Nani ana wembe?"

Selestini alileta wembe. Chuma cha Anatoli kilikuwa bado kwenye kitambaa kile kile, hakijafunguliwa. Mwanamke wa kibanda cha pili aliondoa sufuria lake la maharage ili tupashe. Mama Wema alikwangua ncha za waya taratibu, miwani puani, akazichomea mwenyewe. Anatoli hakumshika mkono. Tulifunga waya mrefu juu ya mti uwe antena. Akatia kisikilizio sikioni.

Aligeuza kiduara mpaka nikakata tamaa. Kisha akasema kwa Kiha, "Ego," kama anayemwitikia mtu.

"Nini?" Anatoli aliuliza.

"Anasema Kirundi. Mwanamume. Anasoma bei ya kahawa." Akainua kidole tusipige kelele. "Yuko mbali, lakini yuko."

Akakitoa kisikilizio, akampa Anatoli. Mwalimu alisikiliza bei za kahawa mpaka mwisho, machozi yakimteremka bila sauti. Kisha akampa Selestini, naye akampa yule mwanamke wa maharage. Kufikia jioni kulikuwa na foleni. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi niliona foleni ambayo haikuniudhi.

Tulilala pale, na asubuhi kabla hatujapata lori Anatoli aliuliza, kama jambo la kupita tu, ikiwa Mama Wema anaweza kumtumia redio mbovu mbovu za Mwanga, zile watu wanazozitupa. Alizituma. Kwa miaka, kila aliyekuwa anakwenda upande ule alibebeshwa kapu. Baadaye tulisikia kwamba mwalimu amepata wanafunzi sita chini ya turubai, kisha kumi na wanne.

Kuhusu familia yake, mtoto mkubwa, binti, alifika kambini mwaka wa tisini na tisa na shangazi yake. Mke na mtoto wa pili, sikupata kusikia habari zao, na sidhani kama yeye alipata.

Mama Wema aliweka meza barazani. Mwanzo watu walikuja kumtazama zaidi kuliko kumletea kazi, bibi wa dagaa anayejifanya fundi. Jovita, muuguzi jirani yetu, ndiye aliyemletea redio ya kwanza, kwa huruma nadhani. Ulikuwa waya wa betri umekatika, akauunga. Redio nyingi zinakufa kwa jambo dogo namna hiyo. Lile asiloliweza alilirudisha na kusema hajui, na hilo ndilo lililomjengea jina kuliko aliyoyaweza. Hakutajirika. Macho yalianza kumsumbua, na mgongo wa kuinama ukachukua nafasi ya goti. Lakini alikula kwa kazi ya mikono yake.

Nilipata uhamisho wa Singida mwaka 2001. Alinisindikiza stesheni ingawa nilimkataza. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, tangu saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku. Alinieleza habari za Wema, akaniagiza nimsalimie mama yangu ambaye hajawahi kumwona, akanung'unikia bei ya betri. Halafu akasinzia, kichwa begani kwangu, anakoroma kidogo. Treni ilipopiga honi hakushtuka. Nilimwomba Hamdani, aliyekuwa amekuja kuniaga, akae mahali pangu, tukabadilishana taratibu ili asiamke, nami nikapanda.